Tanuri Linalowaka Haliachwi

Kaeni basi, msisimame kama watu wa serikali. Huyo wa kwaya asogeze mguu, hapo kuna siafu. Eti mmekuja kuniuliza mtu anajuaje kama Mungu anamuongoza. Mmoja wenu anataka kwenda Zambia, mwingine anataka kuoa, na huyu wa tatu hajui anachotaka ila amewafuata wenzake. Mngemuuliza mchungaji, ndiye mwenye koti. Mi ni mchoma matofali tu. Maisha yangu yote nimeyamalizia kwenye matope ya Buterere, na magoti haya mnayoyaona yamevimba ni zawadi ya udongo ule. Lakini mmeshafika, na mvua hiyo inakuja, hamtaondoka sasa hivi. Nitawaambia ninachokijua. Sehemu kubwa ni huzuni, kwa hiyo anayetaka kuchekeshwa aende kwa jirani.

Siku hizi mnajenga kwa bloku za simenti. Mnapiga simu, kamyoneti inakuja, mnapanga, mwisho. Sisi tofali tulilizaa. Udongo wa Buterere ni mweusi na una mnato, unashika mguu kama mtoto asiyetaka mama yake aende sokoni. Ukiufyatua hivyo hivyo, tofali linapasuka likikauka. Lazima uchanganye na mchanga, na kipimo chake hakimo kwenye kitabu. Unasokota kamba ya udongo, unaizungusha kwenye kidole. Ikikatika, mchanga umezidi. Ikikaa kama pete ya ndoa bila ufa, bado mchanga haujatosha. Unataka ile inayokaa ikiwa na nyufa kidogo, kama ndoa zenyewe zilivyo.

Aliyenifundisha hayo anaitwa Libori. Mtu mfupi, mdomo mchafu, Mkatoliki wa Pasaka na Noeli tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, kimoja kilibaki chini ya rundo la matofali lililomwangukia ujanani. Mi nilikuwa mlokole mpya, nimebatizwa juzi, najua kila kitu. Nilimwambia kazi ile naiweza. Akaniachia tanuri moja nilichome peke yangu. Nikalipanga, nikaacha midomo ya kuingizia kuni, nikalipaka udongo nje, nikawasha. Moshi ukatoka mweupe, mzito. Moshi huo ni maji yanayotoka ndani ya tofali, na wakati huo moto unatakiwa uwe mdogo, ulibembeleze tofali. Mi nikajaza kuni za mikaratusi. Halafu nilipoziba midomo, sikuweza kusubiri lipoe. Nikalifungua likiwa bado linachoma mikono, upepo ukaingia, na matofali yakalia pa! pa! kama mahindi kikaangoni. Yaliyobaki mazima yalikuwa mabichi katikati.

Libori alikuja, akaokota mawili, akayagonganisha. Tofali lililoiva linalia kama kengele. Yale yalilia kama mtu anapiga mto.

"We mulokole," akasema, "haraka haraka haina baraka, hawajakufundisha hiyo ku kanisa?"

Adhabu yangu ikawa kujengea choo changu mwenyewe matofali yale. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, ukuta ukalala chini, na mjomba wa mke wangu Generoza alikuwa ndani. Mzee yule hakunisalimia mpaka anaingia kaburini.

Na kuna sheria moja Libori alinipa, akairudia mpaka nikaichoka. Tanuri linalowaka haliachwi. Ukiliacha wazi, moto unakula upande mmoja, baridi inapasua upande mwingine, na jasho la watu linakuwa vumbi. Mwenye tanuri akifa, au akikimbia, mchomaji yeyote anayepita lazima alizibe, hata kama ni la adui yake. "Ni kama kukuta mutu uchi njiani," alisema. "Unamufunika kwanza, jina utamuuliza nyuma."

Halafu vita ikaja.

Libori na mi hatukuwa kabila moja. Sitawaambia nani alikuwa nani. Wanaojua wanajua, na wasiojua Mungu awazidishie kutojua. Tulikuwa tumekula sahani moja miaka mingi, lakini katiye, mitaa yetu ya mji, zikaanza kugawanyika, hawa huku, wale kule, na mtu akikosea barabara harudi nyumbani. Libori akahamia upande wa wenzake. Hakuniaga, na mi sikwenda kumtafuta. Tuliogopana. Hilo nalo niliseme wazi: nilimwogopa mtu aliyenifundisha kazi.

Tulikaa hapa hapa Kinama, mi na Generoza na mtoto wetu mmoja tu, Eliya. Mungu alitupa huyo mmoja baada ya kulia sana. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anasoma shule ya ufundi, anapiga gitaa la kwaya vibaya sana lakini kwa bidii. Siku Kinama ilipovamiwa, ilikuwa asubuhi, watu wakatoka kwa wingi kama maji yaliyovunja ukingo. Tulikuwa tumeshikana. Kwenye njia panda mabomu yakaanguka mbele, watu wakagawanyika, na mkono wa Eliya ukatoka kwenye mkono wa mama yake. Sisi tukasukumwa kuelekea mjini. Yeye akaenda na wale waliokimbilia mpaka wa Zaire. Generoza aliita jina lake mpaka sauti ikakatika, na sauti ile haikurudi tena sawasawa, ndiyo maana mlimsikia akiimba kama mwenye mafua.

Tuliporuhusiwa kurudi tukakuta mabati yamebebwa, milango imebebwa, hata misumari mtu amekaa akaing'oa. Na nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi! Mchomaji matofali anakaa kwenye nyumba ya matofali mabichi, kama vile mshonaji anavyotembea na suruali iliyochanika. Bila paa, mvua ilikuwa imezinyea kuta, zimeyeyuka, zimebaki vichuguu tu. Hapo palipokuwa na chumba cha Eliya, majani yalikuwa yameota.

Mi nikasema basi, twende Uvira, ng'ambo ya mpaka, huenda mtoto yuko huko, na kama hayuko angalau tutalala. Generoza akakaa chini kwenye kile kichuguu.

"Baba Eliya, mi sitoki hapa. Mutoto akirudi, mulango atautafuta wapi?"

"Na kama harudi?"

"Atarudi. Nimeomba, Mungu ameniahidi."

"Amekuahidi saa ngapi? Mi nililala pembeni yako, sikusikia kitu."

"Ulikuwa unakoroma."

Tuligombana siku nyingi. Mnacheka, lakini halikuwa jambo dogo. Wale waliobaki Kinama walikuwa wanauawa, na wale waliovuka walikuwa wanauawa pia. Ukichagua vibaya unazika mtu, na hakukuwa na wa kukuambia lipi ni vibaya. Nilifunga, nikaomba, nikapiga magoti mpaka yakaota sugu. Mbinguni kimya. Basi nikafanya ujinga ambao mchomaji matofali tu ndiye anaweza kuufanya. Nikamwambia Mungu: nitachoma tanuri moja la nyumba hii. Likiiva vizuri, nitajua ahadi ya Generoza imetoka kwako, mtoto yuko hai na anarudi, tutabaki. Likiharibika, tunavuka mpaka.

Nikashuka Buterere. Nilifyatua matofali peke yangu, Generoza akiyageuza juani na kuyafunika nyasi mvua ikitishia, kisha anakwenda ziwani Kajaga kwa wavuvi kutafuta ndagala za kuuza. Kuchota udongo siku zile haikuwa kazi ya kumwambia mtu. Koleo iligusa vitu ambavyo si udongo. Nikigusa, nafukia, naomba, nahama hatua chache. Mchana kutwa husikii mtu akiimba kwenye mashamba ya mpunga, na mnajua watu wa mpunga hawawezi kazi bila kuimba.

Nikawasha. Moshi ukatoka mweupe, nikaubembeleza, sikurudia kosa la ujana. Ukaanza kupungua, ukawa mwembamba wa bluu. Hapo unajua maji yamekwisha na sasa ndiyo moto wenyewe. Juu ya tanuri pakaanza kushuka kidogo, dalili kwamba linaiva. Kama ningepata siku moja zaidi ningeziba. Asubuhi ile Generoza alikuwa ameniletea viazi, nami nakandika udongo wa kuzibia, tukasikia milio kutoka upande wa Kinama, halafu upande wa barabara, halafu pande zote.

"Liache!" Generoza akanivuta shati.

"Haliachwi!"

"Zakaria! Liache!"

Hakuwa amewahi kuniita jina langu kabla ya siku ile. Tukakimbia kupitia mifereji, maji kifuani. Niligeuka mara moja nikaona midomo ya tanuri iko wazi, myekundu. Nililia njia nzima. Watu walidhani nalilia ndugu, wakanipa pole, na mi sikuwa na nguvu ya kuwaambia ni matofali.

Tukalala kwenye uwanja wa misheni moja mjini, juu ya karatasi za mifuko ya simenti, wiki baada ya wiki. Kichwani mwangu jibu la Mungu lilikuwa limeshatoka: tanuri limeharibika, mtoto hayupo. Sikumwambia Generoza. Yeye hakujua mapatano yangu. Kila jioni alimshukuru Mungu kwa ajili ya Eliya, na mi nilisema amina nikiwa nimeuma meno.

Njia ilipofunguka nikarudi Buterere peke yangu, nione tu kilichobaki. Tanuri lilikuwa limesimama. Midomo yote imezibwa. Imezibwa kwa tofali na udongo, ukasawazishwa vizuri, bila nafasi hata ya sisimizi kupita. Nikalizunguka kama mwehu. Kwenye udongo ule mkavu, pembeni ya mdomo wa mwisho, mtu aliyeziba alikuwa ameegemea mkono wake wa kulia, alama ikabaki. Vidole vinne.

Nikaanguka chini. Nikatoa matofali mawili, nikayagonganisha, yakalia kama kengele ya Jumapili.

Sasa sikilizeni ujinga wa pili. Nilirudi mbio, nikamwinua Generoza, nikamwambia kila kitu: mapatano, tanuri, kengele. "Mungu amejibu! Eliya yuko hai, anarudi!" Nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, watu wakapiga vigelegele, kwaya ikaruka. Tangu siku ile imani yangu ilipita ya mke wangu. Yeye aliomba taratibu, mi nilikuwa nalihesabu jambo lile kama kitu kilichokwisha kufika kwenye kituo cha basi, kinangoja tu kupakuliwa. Nikajenga nyumba, mabati tukaokoteza moja moja, nikaweka mlango pale pale ulipokuwa.

Libori nilimkuta miaka ilipopita kidogo, kwenye soko la mjini, pale ambapo pande zote mbili zililazimika kununua chumvi. Alikuwa anachechemea. Tukaangaliana. Yeye ndiye alianza.

"Yaliiva?"

"Yaliiva, muzee wangu. We ulikuwa jibu la Mungu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jibu la Mungu? Mi nilikuja kuiba mabati! Ya kwangu yalibebwa na watu wa upande wenu, basi vijana wa kwetu walipoingia kule nikawafuata, nipate mawili matatu. Nikakuta wenzangu wamemaliza yote. Nikaona ile tanuri inawaka hakuna mutu."

"Ukanifungia."

"Apana, sikufungia we. Nilifunga kwa sababu ilikuwa inawaka."

Vijana wale walimkuta anakanda udongo badala ya kubeba mali, wakamuuliza matofali ya nani. Alipowajibu hajui, wakampiga kwa vyuma vya dirisha. Mguu haukupona. Aliniambia hayo akichagua nyanya, kama mtu anayesimulia kuhusu mbuzi aliyepotea. Nilimshika mkono ule wa vidole vinne nikashindwa kuuachia, na muuza nyanya akatuuliza tunanunua au tunaoana.

Ningeishia hapo mngeenda nyumbani mkiwa na furaha, na ningewadanganya.

Miaka ikaenda. Vita ya kule Zaire ilikuwa imeshazidi ya kwetu wakati bado naezeka, kambi za wakimbizi zikavunjwa, watu wakakimbilia msituni, kisha nchi yenyewe ikabadilishwa jina. Kila aliyerudi Generoza alimfuata, amuulize. Chumba cha Eliya kilifagiliwa kila siku, mgeni yeyote tulimlaza sebuleni. Mikataba ikasainiwa, silaha zikapungua, wakimbizi wakaanza kurudi kwa malori. Mi nilinunua hata nyuzi za gitaa.

Mchana mmoja wa jua kali akaja kijana mrefu sana, mwembamba, ana mfuko wa plastiki mkononi. Generoza alitoka jikoni akiwa na unga mikononi, akakimbia. Alipokaribia akasimama. Hakuwa Eliya.

"Amahoro, mama. Mi ni Dezire. Nilikuwa na Eliya."

Mi nilijua hapo hapo. Hakusema "niko na", alisema "nilikuwa na". Generoza akamkaribisha ndani, akampa maji, akaketi. Dezire akasema bila kuinua macho. Walitembea pamoja ndani ya msitu, miezi. Eliya alishikwa na kuhara, wakawa hawana dawa, wakawa hawana hata chumvi. Akafa kando ya mto mmoja ambao Dezire hakujua jina lake. Tulipolinganisha majira, ilikuwa ni kipindi kile nilipokuwa napigilia mabati ya nyumba hii. Miaka yote ile tuliyofagia chumba, mtoto alikuwa ameshazikwa.

"Alikufa peke yake?" Generoza aliuliza.

"Apana, mama. Kichwa yake ilikuwa mu mapaja yangu. Alisema nikifika Kinama nitafute mulango, haujahama, anajua mama yake hawezi kuuhamisha. Ndiyo maana nimekuja. Kwetu sikukuta mutu hata mumoja."

Mwanamke yule alilia kwa ile sauti yake iliyovunjika, na mi sikumshika. Nilikuwa na hasira hata naona giza. Nikapiga ukuta kwa ngumi, ukuta ule ule wa matofali ya ajabu, nikamwambia mke wangu neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia.

"Mungu wako alikudanganya."

Akajifuta kwa kanga. Akasema, "Baba Eliya, mi sijui tena kama nilisikia, ama nilitaka kusikia. Hiyo nitamuuliza mwenyewe nikifika. Lakini tangu siku ile mukono yake ilitoka mu mukono yangu, sijaachwa peke yangu hata siku moja. Hiyo siwezi kukataa. Nikikataa nitakuwa mwongo."

Basi, nyinyi mnaotaka kujua. Ahadi ya Mungu na hamu yetu tulizikanda pamoja kwenye shimo moja, na zikishachanganyika hakuna anayezitenganisha tena. Mi nilimfanya Mungu aseme kwa tanuri kitu ambacho hakusema. Alichosema kwa tanuri lile, kama alisema, ni kwamba Libori bado ni mtu. Ilitosha. Mi ndiye niliongeza mengine. Wewe wa Zambia, usimtegee Mungu mtego wa ishara halafu umkasirikie mtego ukinasa kitu kingine. Nenda au baki, lakini ukikuta kitu kinawaka, kizibe. Zaidi ya hapo sijui, na miaka hii yote nimejaribu kujua.

Ilipofika jioni Generoza akapika bugali na ndagala. Dezire akala kama mtu anayeogopa sahani itaondolewa. Alipomaliza akachukua mfuko wake, akashukuru, akauliza kama kuna kanisa ambalo linaruhusu watu kulala barazani. Mke wangu akamshika mkono, akamwingiza kwenye kile chumba ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukanyaga. Nilisikia wananong'ona. Akatoka.

"Baba Eliya."

"Nini?"

"Kile kitanda ulijenga kwa kipimo cha Eliya. Huyu mutoto ni murefu, miguu inaning'inia. Ongeza matofali."

Kitanda chenyewe kilikuwa jukwaa la matofali na godoro la nyasi juu, kama tulivyokuwa navyo wote. Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia kijana aondoke na habari zake. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye rundo lililobaki, nikakanda udongo, nikapiga magoti pale miguuni pa kitanda. Nilikuwa sijamsamehe Mungu, na sikusema sala yoyote. Nilijenga nalia, na Generoza alikuwa ananipa tofali moja moja, kila moja analigonga kwanza asikie kama limeiva.